Mgeni Njoo

Shaame alimleta ndani ya kapu la mkaa
lililofungwa kwa mpira wa baiskeli,
akasema, hanitazami usoni:
"Wenyewe wamehamia Maskati. Ukimkataa, namtupa."
Ndani mlikuwa na kasuku, au nusu yake:
kichwa cha kijivu, mkia wa unyoya mmoja mwekundu,
na kifua kitupu kama cha kuku wa sikukuu.
Akijinyonyoa mwenyewe.

Nyumba yangu hapa Mtemani haina nafasi ya mwengine.
Uwani nina mbuzi anayekula nguo kambani,
kobe asiyejulikana umri wala nia,
njiwa wawili waliovunjwa mabawa kwa manati,
na Chongo, paka, anayejua kwa jicho lake moja
bei ya kila chenye mabawa.
Nikasema: siku mbili tu.
Mize, mtoto wa ndugu yangu, akacheka.
"Hata kobe alikuja kwa siku mbili."

Usiku wa kwanza akasema.
"Nyamaza!" Sauti ya mwanamme.
Kisha mlango ukabamizwa, kwa mdomo uleule,
kisha mwanamke akalia, kilio cha kujizuia,
kisha bomba la maji, muda mrefu.
Nikakaa kitandani, taa sijaiwasha,
nikaisikiliza nyumba ya watu.
Walifunga madirisha, bila shaka. Walingoja wageni waondoke.
Hawakukumbuka kuwa tundu nalo lina masikio.

Faki wa idara ya mifugo alikuja na pikipiki yake,
akalikunjua bawa kama mtu anayefungua barua,
akasema ngozi ni nzima, maradhi yako kwengine.
"Alizeti punguza. Mpe papai, mchicha, mahindi mabichi,
mnyunyizie maji asubuhi. Na mtafutie cha kutafuna:
asiye na cha kutafuna hujitafuna."
Hilo la mwisho nimeliandika nyuma ya mlango wa kabati.

Nikampa makumbi ya nazi, magunzi, vijiti vya mpera,
na ndala ya marehemu mume wangu
ambayo mwenziwe alishaliwa na mbuzi.
Chongo tulimfunza kwa dagaa:
akilala chini ya meza, dagaa;
akikodolea juu, hakuna.
Na komeo mlangoni, kwani dagaa ni dagaa
na paka ni paka.

Manyoya yakaanza kuchomoza, vimiba vyenye ala nyeupe.
Siku ya nne ya Ramadhani jirani akapigilia bati
na kufikia futari yote yalikuwa sakafuni,
mepesi kama sufi. Nilizoa nikilia,
tende mkononi, sijaila.

Nikapaka bawaba zote mafuta ya nazi.
Ndugu yangu Kombo, ambaye hajapata kusema polepole
tangu alipotoka tumboni mwa mama,
akajifunza kunong'ona matokeo ya mpira.

Sasa analia kama mbuzi, na mbuzi anamjibu.
Anamwita Chongo kwa jina, Chongo anakuja mbio,
anatazama huku, anatazama huku, anaona haya.
"Nyamaza" ilikuwa kila siku,
ikawa kila Ijumaa,
sasa ni mvua ikipiga bati tu.
Haijaondoka. Sidhani kama itaondoka.

Kila usiku nalifunika tundu kwa kanga kuukuu:
MGENI NJOO, inasema,
yaliyobaki yamo tumboni mwa mbuzi.
Namuuliza, "Umelala?"
Kwa mazoea tu, kama mtu anavyogusa kitasa
ambacho anajua ameshakifunga.

Jana umeme ulikatika.
Nimesimama gizani na kibiriti, sijatia neno,
mara chini ya kanga, kwa sauti yangu mwenyewe,
sikujua kama ni ya upole kiasi hicho:
"Umelala?"

Mwaka wa tatu huu sijaulizwa.

"Bado," nikamjibu.
Huko uwani mbuzi akakohoa.
"Bado kidogo."